Eti damu! Barney Sedran na porojo za kurasa za michezo

Leo nina ugomvi na watu wa kurasa za michezo, na kwa kuwa mimi mwenyewe nakula kwa gazeti, hesabuni kwamba huu ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Ugomvi wenyewe ni juu ya neno dogo tu: damu. "Wana damu ya riadha." "Kikapu kiko kwenye damu yao." "Wale jamaa kukimbia ndiyo asili yao." Neno hili limeandikwa mara nyingi mpaka limeota mizizi, na mwandishi akishaliandika huona kazi yake imekwisha. Hana haja ya kumtafuta kocha, hana haja ya kuuliza viatu alinunua nani, wala uwanja uko wapi na nani anaufagia. Damu imejibu yote.

Kuna mhariri mmoja (simtaji, bado nampenda na bado ananipa kazi) aliwahi kukata aya nne nilizoandika kuhusu namna wakimbiaji fulani wanavyofanya mazoezi: wanaamka saa ngapi, wanakula nini, nani anawalipia nauli. Mahali pa zile aya nne akaweka maneno matatu. Eti "wamezaliwa wakimbiaji wazuri." Hata kuhesabu alishindwa, ni manne kabisa ukiweka na eti yake.

Basi ndugu zangu, badala ya kulalamika leo nawaletea dawa. Dawa yenyewe ni mtu mmoja mfupi, mwembamba, Myahudi wa New York, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa kikapu wa kulipwa duniani wakati babu zetu wengi hawajawahi kusikia kwamba kuna mchezo wa namna hiyo. Jina lake Barney Sedran.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1891 jijini New York. Jina la nyumbani lilikuwa Bernard Sedransky, likakatwa njiani kama yalivyokatwa majina mengi ya wahamiaji wa Kiyahudi nchini Marekani. Sasa itazameni hiyo tarehe vizuri. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith, Mkanada aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha YMCA huko Springfield, Massachusetts, akitafuta kitu cha kuwashughulisha vijana ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Ilikuwa Desemba 1891. Kwa maneno mengine, Barney ana miezi kumi na moja zaidi ya mchezo wenyewe! Haya, niambieni nyie wataalamu wa damu: huyu kikapu alikirithi kwa nani? Babu yake yupi alidunda mpira, na aliudundia wapi, wakati mpira haujabuniwa?

Barney alikulia Lower East Side. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaa huo ulikuwa na Wayahudi wapatao nusu milioni, wengi wametoka Urusi, Poland, Romania na kwingineko Ulaya Mashariki, wakikimbia umaskini na kukimbia kuuawa. Walipangana kwenye vyumba vya giza ndani ya majengo ya ghorofa tano, sita, familia na wapangaji wao na cherehani humohumo. Mtu aliyewahi kupanga uswahilini anapata picha, ila aongeze baridi na ngazi. Uwanja wa besiboli ungeuweka wapi hapo? Uwanja wa futiboli ya Kimarekani je? Ila kikapu hakihitaji eneo. Watoto walikunja matambara wakafanya mpira, wakalenga pipa la majivu au ngazi ya chuma ya kutorokea moto. Sisi tumecheza chandimu kwa soksi na nailoni, wao walicheza kikapu kwa matambara. Sababu ni ileile. Mtoto anacheza mchezo unaoingia kwenye nafasi aliyopewa.

Halafu kulikuwa na kitu cha pili, na hapa naomba tusimame kidogo kwa sababu waandishi wa damu huwa wanapita mbio. Lower East Side kulikuwa na nyumba za huduma za jamii zilizoanzishwa na watu wenye nia njema (na wengine wenye nia ya kuwafanya wahamiaji wawe Wamarekani haraka). Mojawapo ni University Settlement, iliyoanza mwaka 1886. Humo ndani ulikuwa na ukumbi wa mazoezi. Kwenye ukumbi kulikuwa na kocha, Harry Baum, ambaye alichukua vijana wadogo wadogo wa mtaani na kuwafundisha kitu kimoja: usikumbatie mpira, usisukumane na mtu aliyekuzidi kilo, toa pasi ukimbie. Mpira utembee kuliko mtu. Kwa vijana wenye miili ile, huo ndio ulikuwa mpango pekee wenye akili. Kwenye kundi hilo alikuwemo Barney, na alikuwemo rafiki yake Marty Friedman. Hao wawili baadaye walicheza pamoja timu baada ya timu mpaka wakaitwa Mapacha wa Mbinguni.

Kumbukeni pia kwamba shuleni Barney hakucheza. Alisoma DeWitt Clinton, na huko wakamwona ni mdogo mno. Futi 5 na inchi 4, kama sentimita 163 hivi, na uzito wa kilo hamsini na kitu. Mimi namzidi, na mimi kwenye daladala huwa sifikii bomba nikiwa nimesimama vizuri. Kwa hiyo kipaji chake alikinoa kwenye ukumbi wa mtaani. Alipoingia City College ya New York, chuo cha umma ambacho mtoto wa maskini alisoma bila ada, akapewa nafasi, na kwa miaka mitatu, 1909 hadi 1911, alikuwa mfungaji wao bora. Chuo bila ada, jamani. Vyuo vikubwa vya matajiri vilikuwa na milango yake, na miaka michache baadaye baadhi yao vikaanza kuweka kikomo cha wazi au cha kificho kwa idadi ya Wayahudi wanaodahiliwa. City College ilikuwa mlango uliobaki. Ndiyo maana timu yake ya kikapu ilijaa Wayahudi, si kwa sababu mpira unawapenda.

Mwaka 1911 akaingia kwenye mpira wa kulipwa. Nataka msomaji asiweke kichwani NBA na mataa na wacheza ngoma. Kikapu cha kulipwa cha wakati huo kilikuwa vurugu yenye tiketi. Viwanja vingi vilizungushiwa wavu wa chuma au wa kamba, mpira hautoki nje, na wachezaji wakibamizwa kwenye wavu huo walitoka na michubuko. Kila likifungwa goli mnarudi katikati mpira unarushwa juu upya (sheria hiyo ilikuja kuondoka mwishoni mwa miaka ya 1930). Mpira wenyewe ulishonwa kwa kamba, hauviringi sawasawa. Wachezaji walilipwa kwa mechi, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuwa na timu mbili tatu katika ligi tofauti, anapanda treni leo Newburgh, kesho Utica, keshokutwa mji wa wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania. Myahudi wa kilo hamsini na kitu, ugenini, ndani ya wavu, mashabiki wanamtukania mama na dini. Hakuna damu inayomsaidia mtu hapo. Kinachomsaidia ni miguu na pasi.

Na alishinda. Aliwapa ubingwa Newburgh kwenye ligi ya Mto Hudson. Akahamia Utica wakabeba ligi ya jimbo la New York mwaka 1914. Akahamia Carbondale huko Pennsylvania, msimu wa 1914-15 wakashinda mechi 35 mfululizo. Msimu wa 1913-14, akiwa na Utica dhidi ya Cohoes, alifunga magoli 17 katika mechi moja kwenye vikapu visivyo na ubao nyuma. Rudieni kusoma hapo: visivyo na ubao. Hakuna pa kugongesha. Ama mpira unaingia kwenye pete moja kwa moja, ama umekosa. Magoli 17 kwa namna hiyo, katika zama ambazo timu nzima ilikuwa ikipata pointi ishirini na tano inakwenda kulala na furaha.

Mwaka 1921 alikuwa New York Whirlwinds, timu iliyojengwa kwa makusudi ya kuishusha Original Celtics, waliokuwa wakitamba kuwa ndio mabingwa wa dunia. Zikapangwa mechi tatu. Ya kwanza watu wapatao 11,000 walijaa kwenye ukumbi wa jeshi jijini New York, Whirlwinds wakashinda 40 kwa 24. Ya pili Celtics wakalipa, 26 kwa 24. Ya tatu haikuchezwa kabisa, na mpaka leo wapenzi wa historia wanabishana ingeishaje. Celtics walichofanya ni kile Simba na Yanga wanachokijua vizuri: wakasajili wachezaji wa mpinzani. Nat Holman, Myahudi mwingine wa mtaa uleule, akavaa jezi ya Celtics na kuwa nyota wao.

Barney alicheza miaka kumi na mitano na timu zake zilibeba ubingwa mara kumi. Baadaye akawa kocha mpaka miaka ya 1940.

Sasa twende kwenye porojo yenyewe. Kufikia miaka ya 1930 vijana wa Kiyahudi walikuwa wametapakaa kwenye kikapu cha Marekani. Philadelphia kulikuwa na timu ya SPHAs, kifupi cha chama cha Waebrania wa South Philadelphia, jezi zao zina herufi za Kiebrania kifuani, mmiliki na kocha wao ni Eddie Gottlieb, mzaliwa wa Kyiv. Walicheza Jumamosi usiku kwenye ukumbi wa hoteli ya Broadwood, na mechi ikiisha linapigwa dansi paleplae uwanjani. Mchezaji wao mmoja, Gil Fitch, alikuwa anaoga haraka na kupanda jukwaani kuongoza bendi. Walibeba ubingwa wa ligi ya ABL mara saba. Mwishoni mwa muongo ule karibu nusu ya wachezaji wa ligi hiyo walikuwa Wayahudi.

Waandishi wakaona jambo hilo linataka maelezo. Na wakayatoa! Paul Gallico, mhariri wa michezo wa gazeti la Daily News la New York, mtu aliyesomwa na mamilioni, akaeleza kwamba kikapu kinamfaa Myahudi kwa sababu mchezo ule unataka akili ya kupanga njama, ujanja wa mikono, kukwepakwepa na ujuaji. Wengine wakaongeza kwamba Wayahudi ni wafupi, na ufupi unampa mtu mizani nzuri na kasi ya miguu, halafu macho yao ni makali. Mnaona lilivyo tamu? Ufupi, nasema! Ufupi ndio ulikuwa siri ya kikapu! Na haya hayakuandikwa na mlevi kilabuni, yaliandikwa na mtu mwenye meza yake kwenye gazeti kubwa, kwa kujiamini uleule tunaoandikia sisi kuhusu Wakalenjini.

Halafu sikilizeni vizuri sifa yenyewe. Njama, ujanja, kukwepa. Hii ni sifa yenye kisu ndani yake. Ukiifungua unakuta tusi lilelile ambalo Ulaya ilimtupia Myahudi kwa karne nyingi, kwamba ni mlaghai, safari hii limevalishwa kaptura na raba. Mchezaji anatoa pasi aliyofundishwa na Harry Baum jioni baada ya jioni, mwandishi anaona ulaghai wa kurithi. Na ilikuwa ni miaka gani? Ni miaka ambayo Ujerumani kuna serikali inayoandika sheria nzima kwa kutumia wazo hilohilo, kwamba tabia ya mtu imo kwenye damu yake. Simwiti Gallico Mnazi, hakuwa. Nasema tu kwamba walikuwa wanachota maji kisima kimoja.

Vijana wenyewe walikielewa kisima hicho. Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Olimpiki yenyewe iko Berlin. Timu ya chuo cha Long Island, chini ya kocha Clair Bee, ilikuwa haijafungwa msimu ule. Ilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kutoa wachezaji wa timu ya taifa. Wakakataa hata kwenda kwenye mechi za mchujo. Hawaendi kucheza kwa Hitler, basi. Myahudi mmoja, Sam Balter, alikwenda na timu nyingine na akarudi na dhahabu. Fainali Marekani iliifunga Canada 19 kwa 8, inachezwa nje kwenye udongo, mvua inanyesha, mpira haudundi. Mimi siwezi kumhukumu Balter nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka Dar es Salaam. Ila ninapofikiria ni nani mwenye moyo wa michezo, nawafikiria wale wa Long Island waliobaki nyumbani, ambao majina yao hayako kwenye orodha yoyote ya medali.

Kuna jambo jingine Gallico na wenzake walipaswa kuliona kwa sababu lilikuwa hapohapo mjini kwao, safari ya treni tu. Harlem kulikuwa na timu ya watu weusi, New York Renaissance, watu wakiwaita Rens. Iliundwa mwaka 1923 na Bob Douglas, mhamiaji kutoka kisiwa cha St. Kitts huko Karibi. Msimu wa 1932-33 walishinda mechi 88 mfululizo. Themanini na nane! Mwaka 1939 walishinda mashindano ya dunia ya timu za kulipwa yaliyofanyika Chicago. Ligi ya ABL haikuwapokea kwa sababu ya rangi. Walizunguka kwa basi nchi nzima, miji mingine hawauziwi chakula wala kupewa chumba cha kulala. Sasa, wakati huohuo ambapo Rens wanashinda mechi 88, wataalamu wa damu walikuwa wanatuambia kikapu kimeumbwa kwa ajili ya Wayahudi. Miaka thelathini baadaye, milango ilipokwisha kufunguliwa, wataalamu haohao (au watoto wao) wakageuka wakatuambia kikapu kimeumbwa kwa ajili ya watu weusi. Damu ya nani ilibadilika hapo katikati? Ya Wayahudi iliisha nguvu? Ya weusi ilipandishwa joto? Au tuseme tu ukweli kwamba kilichobadilika ni nani anaishi kwenye vyumba vya giza karibu na ukumbi wa mazoezi, na nani anaruhusiwa kuingia mlangoni?

Nampitia haraka Ossie Schectman kwa sababu ndiye anayefunga mlango wa zama hizo. Mtoto wa Brooklyn, mwanafunzi wa Clair Bee pale Long Island, akachezea SPHAs, na tarehe 1 Novemba 1946 akiwa na New York Knicks alifunga goli la kwanza kabisa katika ligi ambayo leo tunaiita NBA. Ilikuwa Toronto, Knicks walishinda 68 kwa 66 mbele ya watu 7,090. Timu hiyo ya Knicks ilikuwa imejaa Wayahudi. Waandaaji walitangaza kwamba yeyote atakayekuwa mrefu kumzidi George Nostrand wa Toronto, futi 6 na inchi 8, ataingia bure. Tayari urefu ulikuwa umeanza kuuzwa kama maonyesho. Goli la kwanza likafungwa na jamaa wa futi 6. Alicheza msimu mmoja tu, akaumia, akaacha, na maisha yakaendelea mpaka alipofariki mwaka 2013.

Ligi hiyo ilianza bila mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango ulifunguliwa mwaka 1950 kwa Chuck Cooper, Earl Lloyd na Nat Clifton. Naye Eddie Gottlieb, aliyesaidia kuianzisha, kombe la mchezaji chipukizi bora liliitwa kwa jina lake hadi mwaka 2022 lilipopewa jina la Wilt Chamberlain.

Na Wayahudi walikwenda wapi? Hawakwenda popote pa ajabu. Baada ya vita familia zilihama Lower East Side na Brownsville, zikaenda vitongojini, vyuo vilivyowabana vikafunguka, watoto wakawa madaktari, wahasibu, wanasheria. Mtu mwenye njia kumi mbele yake hachagui kusukumwa kwenye wavu kwa pesa za mechi moja.

Najua kuna mdau ameshakunja uso. Atasema, wewe mwandishi, mbona unakataa sayansi? Vinasaba vipo! Vipo, ndugu yangu, wala sikatai. Mtu mmoja mmoja hurithi urefu, mapafu, aina ya misuli. Kukulia kwenye mwinuko wa mita 2,400 kama Iten nako kuna faida yake. Lakini hayo ni mambo ya mtu na mahali, na yana vipimo. "Damu ya kabila" haina kipimo. Ni maelezo yanayokuja baada ya matokeo. Timu ikishinda, ilikuwa damu. Ikishindwa, hakuna anayeulizwa damu imekwenda wapi.

Chukueni mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu 1968 hadi 2016 Kenya ilibeba dhahabu ya wanaume katika kila Olimpiki iliyoshiriki. Kila moja! Kwenye magazeti ya huku na ya huko Nairobi ikawa ni damu, hakuna mjadala. Mwaka 2021 kule Tokyo akashinda Soufiane El Bakkali wa Morocco. Paris 2024 akashinda tena. Basi damu imehamia Afrika Kaskazini? Nilisubiri kwa hamu makala ya kueleza hilo. Sikuiona. Wakati huohuo historia ya shule ya St. Patrick's ya Iten, na yule Brother Colm O'Connell kutoka Ireland aliyefika hapo mwaka 1976 bila ujuzi wowote wa riadha, akawa anaamka na vijana alfajiri, ni ya kuchosha sana kwa wahariri. Haina uchawi.

Na sisi Tanzania tunajidanganya kwa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Tunasema hatuna damu ya riadha. Hatuna? Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Yeye na Suleiman Nyambui walileta fedha mbili kutoka Moscow mwaka 1980, na hadi Olimpiki ya Paris 2024 hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki. Juzi tu, Septemba 2025, Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Damu ililala usingizi kati ya hapo? Hapana, kilicholala ni kingine. Kuna kipindi mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa nchi nzima, UMISSETA na ile ya shule za msingi, eti inapoteza muda wa masomo. Ukifunga University Settlement, Barney Sedran anabaki mtoto mfupi kwenye ngazi.

Kwenye kikapu ndiyo kabisa. Kwetu kocha akimwona kijana mrefu anamwita, akimwona mfupi anamtuma maji. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu wa mita 2 na sentimita 21, alichaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, na nilifurahi kama wengine wote. Mwaka huohuo, nafasi ya saba, baada ya timu kadhaa kumpita, akachaguliwa kijana mwembamba wa futi 6 na kidogo aitwaye Stephen Curry. Sisemi hivyo kumcheka Thabeet, ambaye alianza kushika mpira akiwa tayari kijana mkubwa na bado akafika alikofika. Nasema kwamba urefu tuliusherehekea sisi wote, na hakuna aliyeuliza angekuwa nani kama angepata ukumbi na kocha akiwa na miaka minane.

Sedran aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Mpira wa Kikapu mwaka 1962, na akafariki Januari 1964. Ndiye mchezaji mfupi kuliko wote waliomo humo. Marty Friedman, pacha wake wa mbinguni, alimfuata humo miaka kumi baadaye.

Uwanja wa kikapu wa mtaa niliokulia ulikuwa na pete mbili. Moja iliibwa ikauzwa chuma chakavu. Nyingine ipo bado, juu ya maegesho ya magari, na Jumapili iliyopita mlinzi alikuwa anawafukuza watoto watatu waliokuwa wanarusha mpira wa nailoni. Mmoja wao, wa kike, mfupi kuliko wenzake, alitupia bila ubao na mpira ukaingia. Mlinzi akamnyang'anya.